Ubeti wa Nne

Mwalimu wa Kwaya hakumwita mtu yeyote kwa jina. Ulikuwa sauti yako tu. Mimi nilikuwa Alto, na mpaka leo soko zima la Matinyani linaniita Mama Alto, hata wale wanaoniletea suruali zao nizipunguze na hawajawahi kunisikia nikiimba. Ukimsalimia barabarani alikujibu, kisha akakuinamishia sikio akusikilize vizuri, halafu akakwambia, "Umelala vibaya. Sauti imekwama kooni." Ukiwa na mafua Jumamosi ya mazoezi, heri ubaki nyumbani. Angekuweka nyuma karibu na mlango, pamoja na wale aliowaita wapambe wa wimbo, yaani watu wa kufungua mdomo tu na hawatoi kitu.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa mkulima wa ndengu kama sisi wengine, na shamba lake lilikuwa aibu, maana alipalilia akiwa na wimbo kichwani na kung'oa kile alichopanda. Mke wake alikuwa akisema, "Huyu akishika jembe, magugu yanashukuru Mungu." Alikuwa mkali, mchoyo wa sifa, na mwenye kiburi. Sitaki kumfanya malaika hapa. Malaika tumeshachorewa wa kutosha, na huko nitafika.

Lakini kwanza niseme kilichotokea, nikiseme mara moja niachane nacho, kwa sababu bila hicho hutamwelewa.

Mto wetu ni wa mchanga. Ukiutazama wakati wa kiangazi utafikiri umekufa, kumbe maji yako chini. Wanawake huchimba visima kwa mikono pale mchangani, wakangoja yajae, wakateka. Mchanga ukichukuliwa, maji yanakwenda nao. Basi akaja mtu na malori. Hakuwa mgeni, ni mshirika wa kanisa letu, ana nyumba za kupangisha kule Malili kwenye barabara kuu, na mabati yaliyo juu ya kanisa ni yeye aliyatoa. Nitamwita Mwenye Malori. Tulienda kwa wakubwa tukaambiwa tutasaidiwa. Mchanga ukaendelea kwenda Nairobi na visima vikaanza kutoa matope. Tulipolalamika, Mwenye Malori alisema pale sokoni, watu wakisikia, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mwalimu wa Kwaya akamjibu, "Lakini chura ndiye anaishi mtoni. Ng'ombe hupita tu."

Ni yeye aliyesema tushuke mtoni tukaimbe. Tusimame kwenye njia ya malori na majoho yetu, tuimbe mpaka wageuze. Mtu akamuuliza, na kama wakituletea watu wa bunduki? Akacheka. "Hakuna mtu anapiga risasi watu wakiimba. Hata mwizi atangoja ubeti uishe."

Tuliimba wimbo wa maji, aliotunga mwenyewe, beti nne. Tukamaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulikuwa tumeingia wa nne, mstari wa kwanza haujakamilika, watu wa bunduki waliokuja na malori wakapiga. Mke wake, soprano wa mbele, alianguka na neno mdomoni. Mwana wao wa pekee, besi, akamwangukia mama yake. Na wengine, karibu nusu ya kwaya, watu niliowapima mabega kwa mikono yangu nikawashonea majoho yale. Mkwe wake, yaani mke wa huyo kijana, alipigwa nyonga akapona, ila anavuta mguu mpaka leo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi na sikuona kitu isipokuwa mchanga.

Mwalimu hakulala. Mwongoza kwaya hutazama kwaya, na nyuma yetu, juu ya ukingo, ndipo alikuwa amesimama Mwenye Malori. Kwa hiyo Mwalimu peke yake ndiye aliyemwona akiinua mkono wa kulia, akaushikilia hapo juu, akaushusha. Uliposhuka, bunduki zikalia. "Mimi nimeongoza watu maisha yangu yote," alikuwa akisema. "Mkono wa kusalimia naujua. Mkono wa kufukuza nzi naujua. Ule ulikuwa mkono wa kuanzisha."

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: Mwenye Malori asimame mbele ya watu aseme, "Niliinua mkono." Afungwe au asifungwe, hayo aliwaachia wenye magereza. Wazee fulani walimshauri kile kiapo cha kimila kinachomaliza mwongo pamoja na ukoo wake, akakataa kwa hasira. "Wajukuu wake wamenikosea nini? Nataka mdomo wake, sitaki maiti."

Na alipata njia yake ya kudai. Kila alipoongoza kwaya ibadani, wimbo wa maji uliimbwa. Beti tatu nzima, kisha mwanzo wa ule wa nne, na pale pale bunduki zilipolia, alifunga ngumi hewani. Tunanyamaza. Alibaki hivyo, akipima ubeti mzima kichwani mwake, kidevu kikicheza polepole, huku kanisa lote likisikia mabati yakilia kwa jua. Kisha akashusha ngumi tukakaa. Pasta alimwomba aache, kwa sababu wageni wanafikiri tumesahau maneno. Akamwambia, "Pasta, ubeti huo uko na mtu. Akiurudisha, tutauimba." Mwenye Malori alikuwa benchi la mbele kama kawaida yake, chini ya mabati yake, anatazama viatu.

Utafikiri mtu wa namna hiyo hakucheka. Alicheka sana, tena mambo ya kumcheka mtu alikuwa nayo tele. Alichukia neno pole. Ukimwambia pole, anauliza, "Umenikanyaga?" Wale wa haki za watu walikuja wakamwambia haki iko njiani, akasema labda imepanda lori la mchanga, ndiyo maana inachelewa. Alikuwa pia mbishi wa kijinga. Aligombana na besi mmoja, mzee mwenzake, juu ya noti moja, wakakaa mwaka mzima bila kusalimiana, na yule besi alipougua ni yeye aliyempelekea uji kila asubuhi, bado hawasemezani. Anaweka kikombe, anaketi, anaondoka.

Jambo moja lake sijalielewa mpaka sasa. Mama yake Mwenye Malori alipofariki, Mwalimu alitupeleka kuimba matangani. Nilimkatalia usoni. Nikamwambia, siwezi kuvaa joho niende kumwimbia mama wa muuaji. Akanitazama. "Yule mama aliimba soprano kwa hii kwaya kabla hujazaliwa. Hakuzaa mkono. Alizaa mtoto." Tukaenda. Aliongoza vizuri kuliko siku zote, watu wakalia, na chakula kilipoletwa akasimama akatoka langoni na joho lake mkononi, hakuonja hata maji. Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa.

Sasa kortini. Kesi ya mtoni, Mwenye Malori akiwa mshtakiwa, ilitajwa, ikatajwa, ikatajwa. Ukiniuliza korti ni nini nitakwambia ni mahali unapoenda na nguo nzuri kuambiwa uje siku nyingine. Waliokuwa wakienda ni watatu: yeye, mkwe wake, na mimi katikati yao. Na hiyo katikati si maneno tu. Kwetu Ukambani mwanamke na baba mkwe wake wana heshima baina yao, nthoni tunaiita. Hawashikani mikono, hawaketi benchi moja wakagusana, hawaitani majina, na mwenye malezi ya zamani hata jicho halinyanyui. Vijana wa siku hizi wameiacha, lakini hawa wawili waliishika, na baada ya ule msiba waliishika zaidi, maana ndicho kitu pekee cha ile familia kilichokuwa bado kizima. Waliobaki ni wao wawili katika boma moja, hawana mtu wa kati. Basi nikawa mimi.

Nilikuwa nikiketi kwenye lile benchi refu la korti, Mwalimu kulia, mkwe kushoto, napitisha maneno. "Mwambie avae sweta, kuna baridi." Nageuka: vaa sweta. "Mwambie nimesikia." Nageuka: amesikia. Wote wawili wana masikio mazuri kuliko yangu! Siku moja nilichoka nikasema, aki nyinyi mtaniua, si muongee tu. Mkwe akaniangalia na yale macho yake makubwa. "Mama Alto, tukianza kuongea tutaongea nini? Kuna kitu kimoja tu cha kuongea." Sikurudia tena.

Siku ya ushahidi wake Mwalimu alivaa tai ya kwaya. Akaeleza mkono. Akaonyesha, akainua wake, akaushikilia, akaushusha, na nakwambia karani mmoja alishtuka kwenye kiti. Wakili wa Mwenye Malori akasimama akitabasamu. "Mzee, kwani mto hauna nzi? Si mteja wangu angekuwa anafukuza nzi?" Watu wengine wakacheka. Nilipoitwa mimi nikaulizwa kama niliuona huo mkono. Nikasema niliona mchanga. Ndio ukweli. Mwalimu hakunilaumu hata siku moja, tena alimwambia pasta kwamba Alto haimbi noti ambayo hajapewa.

Hapo ndipo alipotokea msichana wa sinema.

Alitoka Nairobi na kijana wa mashine ya kunasa sauti, msichana mwenye adabu, amevaa viatu vizito kama vya jeshi. Alitaka kutengeneza filamu juu ya ile familia, Mwalimu na mkwe wake, jinsi wanavyotafuta haki. Si filamu ya waigizaji. Ni ya kuchorwa: sauti ni za wenyewe, za kweli, lakini watu na mto na kila kitu vimechorwa vikatembea. Mkwe hakupenda. Aliniambia nimwambie baba mkwe wake kwamba watu wake waliuawa, na sasa wanataka kuwafanya katuni za watoto. Mwalimu akanigeukia.

"Mwambie hivi. Picha ya siku ile hatuna. Kamera haikuwepo. Lakini mtu akichora ule mkono, utakaa umeinuka siku zote, na kila mtu atauona vile mimi niliuona. Haitakuwa mimi peke yangu."

Ndiyo maana alikubali, na sharti lilikuwa hilo tu: mkono. Walikuja na kurudi kiangazi kizima. Alimketisha yule binti nje ya nyumba akamfanyisha mazoezi ya kuchora kama anavyofanyisha soprano. "Hapana. Vidole vilikuwa vimeshikana. Kidole gumba ndani. Juu kidogo. Juu! Kwani anaomba ruhusa ya kwenda choo?" Mpaka siku moja akautazama mchoro, akasema, "Ni huo." Alikuja nao kwenye kibanda changu cha cherehani kunionyesha. Hivyo ndivyo nilivyouona mkono ule kwa mara ya kwanza, nikashindwa kuingiza uzi kwenye sindano.

Mambo mengine waliyomwomba hakuyatoa. Walimwomba, akielezea kifo cha mkewe, alie kidogo. "Binti, mimi nililia nikamaliza. Hata visima huwa hivyo." Wakamwomba aimbe ubeti wa nne, ili filamu iwe na mwisho. "Huo uko na mtu," akawaambia.

Filamu ikaenda ng'ambo kwanza. Tulisikia imepigiwa makofi huko, watu wamelia. Ilichukua muda kabla ya kurudi kwa wenyewe. Pasta akasema ionyeshwe kanisani mchana wa Jumapili, nikashona mapazia meusi ya madirisha. Kanisa likajaa mpaka nje. Na Mwenye Malori akaja, na suti yake, benchi la mbele. Kwani nani angemwambia asije? Mabati ni yake.

Nitasema kweli, mwanzo ulikuwa mzuri. Walikuwa wameweka mbuyu mkubwa ukingoni, mtu nyuma akauliza kwa sauti, "Huo mti umetoka wapi?" watu wakacheka, maana pale hapana mbuyu, pana miiba tu. Lakini mke wa Mwalimu alipotokea, na kitambaa chake kichwani kimekaa upande kama alivyokuwa anakifunga, hakuna aliyecheka. Walimchora vizuri, haki ya Mungu. Alikuwa anatembea. Nilimsikia Mwalimu akivuta pumzi, na nikasikia mkwe, upande wangu wa pili, akiacha kupumua kabisa.

Kisha mtoni. Majoho yangu, rangi yenyewe. Wimbo. Ukingoni akatokea mtu, na mimi nikamshika Mwalimu kwenye mkono wa koti. Mtu yule hakuwa na uso. Kivuli tu, na kofia ambayo Mwenye Malori hajawahi kuvaa. Na mikono yote miwili iko mfukoni.

Bunduki zikalia zenyewe, hakuna aliyezianzisha.

Filamu ikaendelea. Ikamwonyesha Mwalimu akilia kwa kwikwi, kilio cha muigizaji fulani waliyemkodi. Halafu, ngoja nikwambie, ikamwonyesha akimkumbatia mkwe wake. Wamesimama mbele ya kaburi, kichwa cha mkwe kifuani mwake, mikono yake mgongoni mwa mkwe. "Aiasi!" kanisa lote likalia kwa pamoja. Akina mama wakafunika macho. Mkwe akajifunika leso uso mzima akainama mpaka magotini. Yule msichana wa sinema, masikini, alitaka tuone upendo. Hakujua kwamba upendo wao ulikuwa ule wa kutokugusana, na kwamba amewavua nguo mbele ya watu.

Na mwisho wake ndio ulikuwa mchungu kuliko yote. Wimbo wa maji ukarudi, kwaya nyingine ya studio, vinanda. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaingia wa nne, ukapita pale. Ukapita tu! Wakaimba maneno ambayo hatujawahi kuyasikia: *tumesamehe, tumesamehe, mto umetuosha.* Mto ukajaa maji ya bluu na watoto wakaogelea, filamu ikaisha.

Watu walipiga makofi. Nawaelewa, sinema ikiisha watu hupiga makofi. Nikavuta pazia moja. Mwenye Malori akasimama, macho yamelowa, au aliyafikicha, sijui. Watu bado wanapiga kelele. Akataka kusema shukrani, kwa hiyo akageuka kwetu, akainua mkono wa kulia tunyamaze. Vidole vimeshikana. Kidole gumba ndani. Akaushikilia juu, akaushusha.

"Ni huo," Mwalimu akasema.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtu aliyeona mbuzi wake kwenye zizi la jirani. Lakini yule alifunzwa kutuma sauti mpaka ukuta wa nyuma, na kila mtu alisikia. Mwenye Malori akautazama mkono wake. Akautia mfukoni. Akaketi. Tulikuwa watu wengi mle ndani, na wote tuliuona, na hakuna aliyesimama. Pasta akasema tufumbe macho tuombe.

Msichana wa sinema alimfuata Mwalimu nje akilia. Akamweleza kwamba mawakili waliwakataza, kwamba wangemchora Mwenye Malori na uso au na mkono juu wangeshtakiwa.

"Kwa hivyo nyinyi mnaogopa kushtakiwa," Mwalimu akasema. "Yeye haogopi."

"Pole, mzee."

"Na ile samahani mliitoa wapi?"

Akasema waliotoa gharama walitaka mwisho wenye matumaini.

"Si mngeweka matumaini yenu basi. Ile samahani ilikuwa yangu. Sikuwa nimeitoa." Kisha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, akamuuliza kama amekula, akanituma nimtafutie githeri.

Korti ilimaliza baadaye. Wakili alikumbusha kwamba hata familia yenyewe imesamehe, dunia nzima imeona kwenye filamu. Hakimu alimwambia aachane na filamu, lakini maneno yalikuwa yameshasikika. Ikaamuliwa kwamba mkono ulioonwa na mtu mmoja hautoshi. Tulitoka tukasimama kwenye ngazi. Nilingoja aseme kitu kikubwa, na nadhani mkwe pia alingoja. Akatazama barabarani. "Alto, mwambie twende haraka, tutakosa gari la Matinyani."

Hicho hakikumvunja. Kilichomvunja kilikuwa harusi.

Tulialikwa Mbooni, kule milimani kwa akina mkewe. Bibi harusi akaomba "ile ya sinema." Wakati huo kwaya ilikuwa imejaa vijana wapya, sauti safi, walikuwa watoto wadogo siku ile ya mtoni. Wimbo walikuwa wameujua kwenye simu zao. Mwalimu akatuongoza beti tatu, akaingia wa nne, akafunga ngumi. Sisi wa zamani tukanyamaza. Vijana wakapita. *Tumesamehe, tumesamehe,* na uso wa furaha, wakapiga na makofi. Hawakuwa na ubaya. Walidhani mzee amekosea. Yeye alibaki na ngumi juu mpaka walipomaliza, harusi nzima ikicheza, kisha akaishusha, akachukua koti lake, akateremka ile njia ya mlima kwa miguu akitafuta bodaboda. Hakuja tena mazoezini.

Mara ya mwisho kuzungumza naye ni mwaka huu. Mkwe alinipigia simu akaniita mama kwa Kikamba chetu, "Mwaitu, anakuita." Nikamkuta kitandani, amekwisha, shingo imebaki mishipa. Mkwe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta, mlango wazi, nasikia akipepeta ndengu.

"Sauti imekwama kooni," nikamwambia, nimtanie.

"Imekwama kwako," akasema. "Mimi yangu imeisha. Alto, ubeti wa nne unaukumbuka?"

Nikasema naukumbuka nusu nusu. Tangu siku ile sijauimba.

"Unaona? Wewe nusu, na wale watoto hawaujui kabisa. Wanajua ule wa sinema. Nimekuwa mjinga. Nilifikiri nikinyamaza, watu watasikia kile sijaimba. Lakini mtu hawezi kunyamazia kitu asichokijua. Wafundishe."

"Tuuimbe sasa?"

"Nimesema uwafundishe. Sijasema muimbe. Wajue, halafu wafunge mdomo."

"Mpaka lini, Mwalimu? Korti imefunga. Yule mtu hatasema."

Akafumba macho. "Najua hatasema. Nimeshindwa, Alto, usinidanganye. Lakini asiimbiwe kwamba tumesamehe, akiwa amekaa mbele pale. Hiyo tu. Sikiliza."

Akaanza kuimba. Sauti ilikuwa uzi. Akaingia mstari wa kwanza, akafika pale bunduki zilipolia, na akakoma. Alijaribu tena, akakoma pale pale. Mkono wake ulikuwa umefunga ngumi juu ya blanketi, nadhani hakujua. Alijaribu mara nyingine, midomo ikafunguka, hakuna kitu.

Jikoni ungo ulinyamaza. Kisha mkwe, ambaye hakuwa ameimba tangu siku ile, akauchukua wimbo pale pale ulipoanguka. Aliimba akiwa kule kule, nyuma ya ukuta, hakuja mlangoni.

*Aliyechimba asinywe peke yake,
aliyefika mwisho naye anywe.*

Hivyo tu. Ndiyo maneno yenyewe. Hayana samahani ndani yake wala kisasi. Ni zamu ya maji kisimani, kama mama zetu walivyotufundisha. Nililia mpaka nikaona aibu. Mwalimu alikuwa amegeuzia uso ukutani, ukuta ule wa jikoni.

"Mwambie," akasema mwishowe, "alikuwa juu kidogo."

Sikupata nafasi ya kugeuka. "Mwambie," mkwe akasema kutoka jikoni, "ni yeye alianza juu."

Nikamwambia. Mabega yake yakatikisika, na sikujua ni kicheko au ni nini, maana hakugeuka tena mpaka nilipoaga.

Jumamosi niliwakusanya vijana nikafunga mlango wa kanisa. Niliwaeleza mto, niliwaeleza mkono, niliuinua wangu wakauona. Nikawafundisha ubeti wa nne, wakaushika upesi, wana masikio. Msichana mmoja, soprano, akauliza kwa nini ubeti mzuri hivyo tusiuimbe. Nikamwambia atajua kesho.

Jumapili Mwenye Malori alikuwa benchi la mbele. Tukaimba beti tatu. Tukaingia wa nne, nikafunga ngumi kama nilivyoona ikifungwa miaka yote hiyo, na wote wakanyamaza pamoja, wazee na watoto. Nilikuwa nawatazama usoni. Midomo ya yule soprano ilikuwa inacheza bila sauti, anaupima. Nyuma yangu nilimsikia Mwenye Malori akikohoa, akakohoa tena, akangoja tuendelee.